Mzee Melkiori, Naomba Unirudishie Jua Langu la Dagaa

Kwa Mzee Melkiori,
Mwenye ghorofa jipya la vioo vya bluu,
Kariakoo, Dar es Salaam.

YAH: KUREJESHEWA JUA LA KUANIKIA DAGAA WA MTOTO

Mzee wangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa salama huko juu. Sisi wa huku chini ni wazima, ila hatuonani vizuri kwa sababu ya giza.

Hunifahamu. Naitwa Moza, mke wa Abdulrazak anayetembeza mikanda, na mama wa Amira, mtoto wa miezi minane. Tunakaa kwenye ile nyumba ya bati nyuma ya ghorofa lako, ambayo mafundi wako walikuwa wanaiita "kule pa kutupia". Mimi nakufahamu kwa gari lako jeupe, na kwa kivuli cha jengo lako, ambacho kila asubuhi kinaingia uani kwetu bila hodi na kukaa kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi kwao.

Kabla sijalalamika naomba nieleze jambo lenyewe kitaalamu kidogo, maana mume wangu amesema mtu wa maghorofa hasomi barua isiyo na utaalamu. Chakula hakiozi kwa bahati mbaya. Shuleni tulifundishwa kwamba kuna vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vidudu hivyo vinataka vitu viwili tu katika maisha yao: joto na majimaji. Joto la Dar es Salaam hakuna anayeweza kuvinyima. Kwa hiyo mama mwenye akili anavinyima maji. Anakausha chakula juani, maji yanatoka, vidudu vinakosa pa kukaa, vinahamia kwa jirani.

Ndivyo ninavyofanya mimi. Asubuhi nanunua dagaa wabichi soko la samaki la Feri, nawatoa vichwa na matumbo, nawaosha, nawachovya kwenye maji ya chumvi kidogo, nawatandaza kwenye ungo na kuwafunika kwa kipande cha chandarua kwa ajili ya nzi. Wakikauka mpaka wanalia ukiwavunja, nawatwanga, nachekecha, na unga wake natia kijiko kwenye uji wa Amira. Mtoto huyu, Mzee, uji usio na dagaa hamezi. Anauweka mdomoni, ananitazama kama nimemtukana, halafu anaurudisha wote kwenye kanga yangu. Mara ya mwisho kliniki waliniambia uzito wake umegoma kupanda. Haukupanda kwa sababu jengo lako limepanda. Mmoja wenu lazima ashuke, na mwanangu hana pa kushukia tena.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umechukua jua langu. Kiwanja ulinunua, sipingi, hata ng'ombe mliyemchinja siku ya kuweka msingi nilimsikia harufu. Ninachouliza ni kama ulinunua pia hewa ya juu ya ua wetu, maana mama mkwe wangu alianikia hapo mihogo kabla wewe hujaja mjini, na mimi nikairithi pamoja na mume. Nilimuuliza mlinzi wako Goodluck. Akanijibu kwamba dada, jua halina mwenyewe. Nikamwambia sawa kaka, basi na kivuli kisiwe na mwenyewe, njooni mkitoe. Akasema hilo ni la bosi. Nimekusubiri bosi tangu msimu wa maembe unaanza mpaka umeisha.

2. Jua ulilobakiza linatua chooni. Vioo vyako vya bluu vinalidaka jua la mchana vizuri kabisa, vinalirusha huku kwetu, na katika ua wote limechagua kuangukia juu ya bati la choo. Hapo tu. Choo chetu sasa ndicho chumba chenye mwanga kuliko vyote katika nyumba hii, mtu akiingia anatoka mkavu. Mume wangu alishauri nianike hapohapo juu ya bati kwa kuwa jua ni jua. Nilimtazama mpaka akaenda kazini mapema.

3. Nimejaribu kulifuata jua kwa miguu. Nililifuata barazani, likahama. Nikalifuata hadi ukingo wa barabara, nikaweka ungo juu ya ndoo. Sasa wewe unaijua Kariakoo, kitu chochote kilichowekwa chini ni biashara. Nilipoingia ndani kumbadilisha mtoto nepi na kutoka, nikakuta kinamama watatu wanabonyeza dagaa wangu, mmoja analalamika kwamba ni wadogo mno kwa bei hiyo. Bei ipi? Hakuna aliyetaja bei! Nilipokataa kuuza wakaniita mwenye maringo, wakasema ndiyo maana biashara yangu haiendelei.

Ndipo nikaona gari lako. Gari lako, Mzee, ndicho kitu pekee katika mtaa wetu kinachopata jua kutwa nzima, kwa sababu Goodluck anakutunzia nafasi nzuri. Nikatandaza chandarua juu ya paa lake taratibu, nisikwaruze rangi, nikawapanga dagaa wamelala kwa mistari. Wewe ukatoka ofisini na simu sikioni, ukapanda, ukaondoka na chakula cha mtoto bila hata kuaga. Abdulrazak alikuwa mtaa wa Msimbazi na mikanda yake begani. Anasema ulipita paka wakikukimbilia kwa nyuma, watu wanapiga kelele "Mzee, dagaa! Dagaa hao!", nawe unawapungia mkono kama umeshinda uchaguzi. Sijakudai dagaa. Nadai chandarua.

4. Ushauri wa friji umenigombanisha na jirani. Watu wote wanasema Moza, dunia imebadilika, weka kwenye friji. Friji katika nyumba yetu ni moja, la Severa wa chumba cha mbele, ambaye ni mtu wa kwenu Kilimanjaro na ana moyo mzuri hata akifoka. Alinikubalia. Lakini friji la nyumba ya wapangaji, Mzee wangu, linafunguliwa kuliko mlango wa barabarani. Huyu anataka maji, huyu anaangalia kama maji yake yameanza kupoa, yule anafungua ili apigwe na ubaridi usoni. Dagaa wangu wakatoka humo wamelowa kuliko walivyoingia. Na si hivyo tu. Severa anauzia watoto barafu za ukwaju kutoka friji hilohilo. Zote zilishika harufu ya samaki. Watoto wa mtaa mzima walizirudisha zikiwa zimelambwa upande mmoja, wamepanga foleni, wanadai chao. Severa aliniambia mbele yao kwamba yeye alinikaribisha mimi, hakuikaribisha bahari.

Na hata friji lingekuwa langu peke yangu, baridi haiviondoi vile vidudu. Inavilaza tu. Siwezi kununua umeme ili vidudu vipate usingizi ambao mimi sijaupata tangu nijifungue.

5. Moshi. Bibi zetu wa Kilwa walikuwa wanabanika samaki kwa moshi, wanakaa muda mrefu bila kuharibika. Nikawasha jiko la mkaa uani, nikatupia makumbi ya nazi ya kutosha, nikaweka wavu. Sikujua kwamba ghorofa lako linavuta hewa kutoka kwetu. Moshi ulinyooka kama umeitwa, ukaingia kwa madirisha ya nyuma, na baada ya muda kidogo wapangaji wako wa vitenge wakashuka ngazi wakikimbia na majora ya vitambaa vichwani, wanalia moto, moto. Goodluck alinijia na ndoo mbili za maji. Akamwagia jiko, akawamwagia dagaa, akanimwagia na mimi. Nimesikia vile vitenge vimeuzwa kwa punguzo kwa sababu ya harufu. Naomba hilo liingie kwenye lawama za jengo, maana kama lingekuwa chini moshi ungepita juu yake.

6. Kukaanga kusitajwe. Kuna watakaokuambia dagaa wa kukaanga nao wanakaa. Wanakaa, ila Amira ana meno mawili, yote ya chini.

7. Saba nilikuwa nayo. Mtoto ameamka katikati nikaisahau. Ilikuwa nzito sana, naomba uihesabu.

8. Kivuli chenu kimenichukulia mume. Tangu ua wetu uwe na ubaridi, kila alasiri Abdulrazak na wenzake wanakaa hapo na drafti, wanakusifu. Wanasema Mzee Melkiori ametutengenezea hoteli ya bure. Nilipowapa barua hii waweke sahihi kama mashahidi, walisema mama Amira acha kutuharibia, ndiyo mara ya kwanza tumepata pa kupumzika tangu tuzaliwe. Kwa hiyo barua hii ina sahihi moja, na Severa ameweka dole gumba japo anajua kuandika. Anasema dole linaonyesha uchungu zaidi.

Kwa heshima zote, basi, naomba uchague moja kati ya haya:

Kwanza, ukate ghorofa za juu kuanzia ya nne. Nimeambiwa huko hakuna watu, ni maboksi ya maua ya plastiki tu, nayo hata yakikaa chini hayaozi. Hiyo peke yake inaonyesha nani kati yetu anahitaji jua.

Kama kukata ni shida, lisogezwe hatua chache kuelekea barabarani. Usiniambie haiwezekani. Mimi naishi Kariakoo. Nimeona kabati la milango sita, friji mbili na mbuzi aliye hai vikipita kwenye uchochoro kwa mkokoteni mmoja na watu wanne wanaogombana.

Na kama hilo nalo linakushinda, basi Goodluck apewe kazi ya kugeuza vioo. Mimi nitakaa uani na ungo, nitamwita kushoto, kulia, hapohapo, mpaka jua litoke chooni lije kwa mtoto. Tutamaliza mapema, ataendelea na ulinzi wake.

Sikuandika kwa chuki, Mzee. Nimesikia nawe una wajukuu. Najua ukimwona mmoja wao anakitema chakula na mbavu zinaanza kuhesabika, hutakubali hata mnazi ukusimamie mbele.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, wajukuu wote, wapangaji wa vitenge (waambie kitambaa kikianikwa juani harufu hutoka, jua likipatikana), fundi aliyetudondoshea ndoo ya zege, na ndugu zako wote walioko Moshi. Hapa kwetu anakusalimu Severa, na upande wa drafti wanakusalimu zaidi.

Ni mimi jirani yako wa chini,
Moza, mama Amira.

Nyongeza: Mzee, barua nimeileta mwenyewe. Goodluck akasema ofisi yako iko ghorofa ya tatu, nipande nikaiweke mlangoni. Nilikuwa nimetoka Feri, na ungo wa dagaa wabichi siwezi kuuacha na paka wa chini, kwa hiyo nikapanda nao kichwani, Amira mgongoni. Ofisi imefungwa. Nikamwomba Goodluck anifikishe kwenye paa ili nimwonyeshe kwa kidole msumeno uanzie wapi.

Mzee Melkiori! Kumbe jua lote mmelirundika huku! Nimeweka ungo chini, tumebishana kidogo na Goodluck kuhusu ghorofa ya kukata, kugeuka, dagaa wameanza kukakamaa. Upepo upo. Nzi wamechoka njiani. Nimebaki huku na mtoto mpaka dagaa wamelia, nimesaga kwa chupa, nimekoroga kwenye uji niliokuwa nao kwenye chupa ya chai. Amira amekula wote na kushika kijiko nisikitoe.

Kwa hiyo usikate hata tofali. Ukijaliwa, ongeza ghorofa mbili. Goodluck amenipa kona karibu na tangi la maji, nimemwahidi mboga.

Ila fanya haraka. Nikiwa huku juu nimeona, upande jua linakotokea, kuna mtu anachimba msingi mkubwa kuliko wetu, na Goodluck anasema huyo anakwenda juu mpaka achoke. Huyo mtu anataka kutuzibia jua letu. Mwandikie leo. Mimi muda wa kuandika upya sina, mtoto amelala sasa hivi na mimi nalala naye. Chukua barua hii hii, futa jina lako, weka lake.