Kuhusu Kabichi Ambayo Haikuwamo Sahanini Siku ya Sita

Kwa Ndugu Mkuu wa Huduma za Abiria,
Ofisi ya Meli, Nchi Kavu.

Ndugu Mkuu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba uinuke ukafunge mlango. Ukimaliza kusoma, barua hii usiitie kwenye jalada lolote, usimwonyeshe katibu wako hata kama ni mtu mwema, na tafadhali isisomwe kwa sauti wakati wa chai. Mimi ni karani wa masjala. Najua barua za siri husomwa na nani, kwa sababu mara nyingi nazisoma mimi. Shangazi yangu ana watu wake katika kila ofisi niliyowahi kuisikia, na likimfikia neno moja tu kati ya haya, sitakuwa na pa kulala.

Baada ya ombi hilo, natumaini ofisi yako haijambo. Mimi ni mzima, ila nimepungua kidogo kwa sababu zitakazoonekana huko chini.

Mwezi uliopita tulisafiri na meli yenu ya matembezi kwa siku saba. Meza yetu ilikuwa namba kumi na nne, karibu na mlango wa jikoni. Tulikuwa wanne: mama yangu, mwalimu aliyestaafu, ambaye safari ilikuwa zawadi yake, shangazi, dada yake baba, ambaye nakaa kwake tangu nilipopata kazi mjini, baba mdogo, kitinda mimba wao, na mimi. Nina mzio wa karanga. Nikiila, hata ile iliyosagwa ikapotelea kwenye mchuzi, midomo huvimba, koo hubana, na pumzi huanza kuja kwa zamu. Mama anajua, maana alinikimbiza hospitali nikiwa na miaka minne. Shangazi hakuwapo siku hiyo, na jambo ambalo shangazi hakuwapo ni vigumu sana kuthibitisha kwamba lilitokea. Kwake huu ni udekaji. "Kijana mzima na suruali yako unaogopa karanga? Itakukimbiza?"

Naomba sasa niorodheshe malalamiko.

1. Kuaminiwa upesi mno. Kwa ajili ya safari niliandaa jalada: barua ya daktari, nakala zake mbili zenye mhuri, orodha ya tarehe zote nilizovimba, na picha ya midomo yangu iliyopigwa kutoka ubavuni. Jioni ya kwanza nikaingia nalo chumba cha kulia. Sijamaliza hata kufungua uzi wake, mhudumu akasema, "Karanga? Sawa, kaka. Pole sana," akaondoka. Akarudi na mpishi mkuu mwenyewe, na kofia yake ndefu, ambaye alinieleza kwamba chakula changu kitapikwa katika sufuria yake peke yake, kwa mwiko wake peke yake. Kisha akasimamisha kadi ya njano kando ya glasi yangu. Hakuomba karatasi hata moja. Ndugu Mkuu, kwa miaka mitatu nimekuwa nikiomba kuaminiwa katika nyumba moja tu, tena kwa ushahidi. Watu wenu walinipa imani hiyo kabla maji hayajamiminwa. Machozi yalinitoka nikasingizia vitunguu, na mezani hapakuwa na kitunguu. Huo nauita uzembe. Je, kama ningekuwa mwongo? Ofisi ingejuaje? Jibu lilipatikana kesho yake.

2. Mfuniko. Sahani yangu ililetwa kabla ya zote, ikiwa imefunikwa kwa mfuniko wa chuma unaong'aa kama kioo, na mhudumu aliyevaa glavu nyeupe akaufunua mbele ya uso wangu huku ameinama. Shangazi ndiye huandaliwa kwanza nyumbani. Huandaliwa kwanza hata kwenye harusi za watu ambao hawakumwalika. Aliutazama mfuniko ule kwa muda mrefu. Siku ya pili akamwita mhudumu. "Mwanangu, na mimi nina aleji." "Ya nini, mama?" Shangazi hakuwa amejiandaa. Akazungusha macho hadi meza ya jirani. "Kabichi," akasema. Jana yake alikula kabichi, akaomba aongezewe. "Inanianza hapa," akagusa kiwiko, "inapanda, inakuja kuniishia hapa," akagusa sikio. Mhudumu akaandika yote. "Pole sana, mama." Akapata kadi. Akapata na mfuniko.

3. Baba mdogo. Huyu alitangaza siku ya tatu kwamba anadhurika na maji yasiyo na gesi. Mhudumu alimweleza kwa adabu kwamba maji ya gesi na sharubati za baa ni huduma za ziada, zinakuja na kifurushi cha vinywaji, na kukosa kifurushi si ugonjwa. Baba mdogo akauliza kama basi ugonjwa wake unaweza kuingizwa kwenye kifurushi. Walipokuwa wakijadiliana akashika kifua, na kadi ya tatu ikaletwa.

4. Mama. Amefundisha watoto kusema kweli kwa miaka thelathini na mitano, kwa hiyo alikataa kuwa na mzio wowote. Matokeo yake, kwenye meza yenye mifuniko mitatu, yeye aliletewa sahani ya mwisho, iliyo wazi. Siku ya nne asubuhi walimsahau kabisa, na safari ilikuwa yake. Ndipo akanyoosha mkono, kidole kimoja juu, kama mwanafunzi wake mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Samahani. Mimi nadhurika na kelele za watu wa meza hii." Mkampa meza ndogo dirishani, ya mtu mmoja, inayotazama maji. Akala huko na kitabu chake hadi mwisho wa safari, na sijawahi kumwona na uso wa raha namna ile. Nalalamika kwa sababu amerudi na zoea hilo kwake. Kiti chake sasa kiko dirishani, na wajukuu hawakaribii mpaka afunge kitabu.

5. Huduma za ziada. Siku ya tano, dada wa chumba cha kukandwa mwili alimwambia shangazi kwamba mawe ya moto huvuta kabichi ikatoka mwilini. Shangazi akalazwa chini ya mawe mara mbili, akasema anaisikia ikitoka kisiginoni. Alasiri akajiandikisha kwenye darasa la ziada la mpishi mkuu, liitwalo Jiko Salama, ambako alifundishwa kutenga sufuria, kutenga visu na kunawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Alipewa cheti chenye utepe. Ofisi yako ilijua inampa nani utepe?

6. Siku ya sita. Hapa naandika polepole. Chakula cha mchana kililetwa. Shangazi akafunuliwa chake, akaona mpishi mkuu anakuja mwenyewe kuweka changu, naye hajawahi kuwekewa na mpishi mkuu. Alipoondoka yule bwana, shangazi akasema, "Hebu lete hiyo tuione. Yako ina nini cha zaidi?" Akaivuta, akanisogezea ya kwake: kuku kwenye mchuzi mzito wa rangi ya udongo. Nilimtafuta mhudumu kwa macho, alikuwa anamsikiliza baba mdogo. "Kula, utapoa," akasema shangazi, na mimi si mtu wa kumkatalia shangazi. Nikaonja nusu kijiko, kwa heshima tu. Ulikuwa mchuzi wa karanga. Jikoni hawakukosea: kadi ya shangazi ilikataza kabichi, na kabichi haikuwamo, hata jani.

Nawashukuru waliokuja na kiti cha magurudumu. Namshukuru nesi wa zahanati ya meli aliyenichoma sindano bila kuniuliza nakala. Kwa muda huo wote shangazi alikuwa amenishika miguu, analia kwa sauti iliyowatoa watu kwenye bwawa la kuogelea: "Mtoto wa kaka yangu! Mtoto wa kaka yangu jamani!" Pumzi iliporudi nikafungua macho, nikamwona ameniinamia, kilemba kimemwendea upande. Akasema, "Nakuamini, mwanangu. Kuanzia leo nakuamini." Ndugu Mkuu, nilidhani nimepona kila kitu. Kisha akasema, "Ni kabichi ile. Watakuwa waliitia kwenye sahani yangu kwa siri, ikakupata wewe. Hii ni damu yetu. Umeirithi kwangu." Nesi akafungua mdomo. Shangazi akamwonyesha cheti.

7. Hali ya sasa nyumbani. Kabichi haipikwi, hainunuliwi, wala haitajwi. Kuna sufuria yangu maalumu yenye uzi mwekundu kwenye mpini wake. Majirani wameombwa watoe taarifa kabla ya kuipika, upepo usije ukaleta. Ukutani jikoni kuna tangazo, KABICHI NI HATARI, nililolichapa mimi mwenyewe hapa ofisini kwa sababu aliniagiza. Na kwa kuwa nilidhoofika, kila siku shangazi anasaga karanga kwa mkono wake na kuzitia kwenye mchuzi, kwenye uji, na juzi kwenye chai. "Karanga inajenga damu," anasema, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Kila kitu kinatoka kwenye ile sufuria yenye uzi mwekundu.

Kwa hiyo hii ni siku ya kumi na moja sijala kwa shangazi. Nasema nimekula kazini. Naondoka kabla hajaamka, nafika ofisini mlinzi bado anatafuta funguo, na jioni ndiye ninayefunga madirisha. Nakula mkate na ndizi nyuma ya kabati la majalada ya zamani. Mkuu wangu wa kazi amenisifu mbele ya wenzangu kwa bidii, na wenzangu wameacha kunisalimia.

Utauliza kwa nini nisimwambie tu. Nimejaribu, nikaishia kwenye "Shangazi, shikamoo." Nikisema ni karanga, nasema kwamba sahani aliyonisogezea kwa mkono wake ndiyo iliyotaka kuniua, na kwamba amekuwa akitaka kuniua kwenye kila mlo kwa miaka mitatu. Hatakubali. Atasema udekaji umerudi, na imani yote niliyoipata pale zahanati itaondoka. Jioni nikiingia huja mlangoni na kuniangalia midomo kwenye mwanga. "Hujaona dalili, mwanangu?" Hajawahi kuniuliza hivyo kabla. Naogopa karanga, na naogopa kutoaminiwa tena, na sijajua kipi kati ya hivyo kinaua upesi.

Kwa hayo yote naomba kama ifuatavyo. Kwanza, wahudumu wenu wafundishwe kutomwamini mtu yeyote asiyekuwa na nakala mbili zenye mhuri. Pili, ofisi yako imwandikie shangazi barua rasmi, ikieleza kwa lugha nyepesi kwamba sahani ile ya siku ya sita haikuwa na kabichi, ilikuwa na karanga, na kwamba karanga ndiyo iliyonipeleka zahanati. Mimi ni mtu wa kumbukumbu. Naamini ukweli ukae kwenye karatasi hata kama unamuudhi msomaji. Tatu, ukweli huo uandikwe bila kumfanya shangazi aonekane amesema uongo, bila kumgusa baba mdogo, na bila kumwondoa mama dirishani.

Nafungia hapa, kwa utii uliochanganyika na njaa. Nisalimie mpishi mkuu, na umwambie kwamba ule mwiko naukumbuka. Nisalimie mhudumu wa meza kumi na nne, nesi, waliosukuma kiti cha magurudumu, na nahodha, ambaye sikumwona lakini nilihisi anajua anakokwenda. Dada wa mawe ya moto msalimie pia, ila kwa ufupi.

Ni mimi, mwenye hofu na heshima kwenu,
Karani wa Masjala

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Mchana huu shangazi amekuja hadi hapa masjala na chakula, ametembea kwa miguu juani na lile goti lake. Mwenzangu mmoja akacheka, akasema, "Huyu naye na vialeji vyake." Shangazi akaweka bakuli chini. Akamwambia, mbele ya mkuu wetu wa kazi, "Wewe, koma! Aleji ya huyu ni ya kweli. Nimeiona kwa macho yangu haya. Atakayembishia, aje abishane na mimi." Sijawahi kutetewa hivyo tangu nizaliwe. Chakula nimeahidi kukila nikimaliza kazi. Nimekifungia kwenye kabati la majalada yaliyofungwa.

Kwa sababu hiyo naomba ufute ombi la kwanza, na wahudumu waendelee kumwamini kila mtu. Futa na la pili. Badala yake, barua ya ofisi yako imweleze shangazi kwamba wataalamu wenu wamechunguza kwa kina na kugundua kuwa karanga ni aina ya kabichi, ile inayoota chini ya ardhi, na ndiyo kali kuliko zote. Pigeni mhuri wa duara. Ule wa pembe nne shangazi hauheshimu.

Barua isije nyumbani, shangazi ndiye anayepokea. Itumeni hapa masjala, dirisha la pili, katika bahasha ya kaki iliyoandikwa juu ORODHA YA BEI ZA GUNDI NA PINI. Tangu niajiriwe sijaona mtu mwingine akifungua bahasha ya namna hiyo. Nitampelekea mwenyewe kama iliyopotea njia. Ikiwa ni lazima kupiga simu, pigeni hapa masjala saa saba na nusu mchana, iite mara mbili, mkaikate, mpige tena. Akipokea mwanamke, maana huenda shangazi ameleta tena chakula, akauliza, "Nani wewe?" msitaje meli. Semeni mmekosea namba, mwombeni radhi taratibu, halafu msubiri akate yeye kwanza.