Mkwe wa Dirishani

Jumatatu, 5 Juni 2023
Leo Mama Victorine, mama yake Bénie wangu, ameniomba kitu. Mimi! Ile kaseti iliyopigwa wakati wa vita, siku ya ubatizo wa Bénie, imegeuzwa faili huko Kisangani na kuletwa ndani ya flashi. Yumo marehemu mume wake, Papa Rémy, akitembea na kusema. Flashi ikachomekwa kwenye televisheni. Televisheni ikajibu kwamba faili haitambuliwi. Mama akasema polepole kwamba basi hata mashine haimtambui tena mume wake.
Nikaahidi. Nitaleta kompyuta ya ofisi na waya wa kuiunga na televisheni. Jumamosi haipiti, atamwona.

Jumanne, tarehe 6
Chef Henri, mkuu wangu ofisini, amekubali kuniazima kompyuta. Ikiguswa na maji, amesema, nisirudi kazini. Kwao Bénie ni Alunguli, ng'ambo ya mto. Mtumbwi! Nimetafuta mifuko ya plastiki soko zima.
Na huko sokoni, habari mbaya zaidi. Onema, fundi wa redio, shati la kubana, meno mengi, alipita kwao kuuliza kama Mama anahitaji msaada. Msaada! Bénie ananiambia nisiogope, Onema njo muntu wa watu wote, yaani ndiye rafiki wa kila mtu. Hicho ndicho ninachokiogopa.
Nimepata hila. Posa iende kesho, kabla ya filamu. Nikishakuwa mkwe, Onema abaki na redio zake.

Jumatano, tarehe 7
Baba mdogo Florentin ameipeleka: jogoo, sukari, vitenge. Imepokelewa! Mama alipiga vigelegele akiwa kitini, maana mguu wake mgonjwa haumruhusu kusimama. Mimi mkwe! Nimeyasoma maelezo ya waya tena na tena. Najisikia jenerali.

Alhamisi, tarehe 8
Maafa. Kompyuta ilivuka mtoni salama mapajani mwangu, imefungwa kama mtoto mchanga. Mimi nilivuka nimefumba macho. Mlangoni akasimama Shangazi Fifi, dada wa marehemu, mikono yote miwili imetanda. Akauliza naenda wapi. Nikasema saluni, pale sebuleni, kufunga waya. Akapiga makofi ya mshangao: "Mama mukwe iko ndani, na weye unaingia? Tangu jana weye si mugeni tena. Macho chini!"
Desturi naijua. Nani hapa haijui? Mkwe haketi chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamwangalii usoni. Niliisahau kwa kusoma maelezo ya waya. Juzi ningeingia vizuri. Ningekula. Ningeegemea kabati!
Mama hawezi kutoka kwa sababu ya mguu. Televisheni haiwezi kutoka kwa sababu ya Mama, haamini kuiacha nje. Basi nikaelekeza kutoka dirishani, nimegeuza mgongo, Shangazi akiwa ndiye mikono yangu. Nilisema tundu la nyuma, akachomeka kwenye dekoda. Nilisema kulia, na kulia kwake kulikuwa kushoto kwangu. Mwishowe skrini ikawa buluu tupu. Shangazi akanitangazia, na mtaa wote ukasikia, kwamba mbingu ameiona ila Rémy hayumo.

Jumamosi, tarehe 10
Wamemwita Onema. Bila kuniuliza! Akaingia, akakaa kwenye kiti kizuri, akaletewa chai na mikate. Nilikuwa dirishani, nilimsikia akitafuna. Nilimweleza kwamba waya wangu ni mzima. Akajibu kwa heshima: "Ndiyo, mukwe." Akabonyeza kitufe cha telekomande, ile rimoti, kile cha Source, cha kuchagua picha itoke wapi. Kimoja tu! Nyumba nzima ikapiga kelele.
Mvua ikaanza. Sikuondoka. Nilisikia nyimbo za ubatizo kutoka kwenye televisheni. Kisha risasi, mbali, za vita vile. Viti vikaanguka. Halafu sauti ya mwanamume: "Mama mukwe iko salama?" Akauliza tena.
Mle ndani Mama Victorine alikuwa akicheka na kulia pamoja. Akaagiza irudishwe nyuma. Kisha akaagiza televisheni igeuzwe kuelekea dirishani.
Nikainua macho, kwenye skrini tu. Ubatizo ulifanyika kwa bibi yake Bénie, mama mzazi wa Mama Victorine. Wageni wamelala chini ya meza. Papa Rémy hayumo kati yao. Yuko nje, dirishani, analowa, uso ameugeuza pembeni, kwenye kamera. Risasi zinalia naye hakimbii. Anauliza kama mama mkwe wake ni mzima.
Tukatazamana, dirisha kwa dirisha.
Mama akamwambia Shangazi, kwa sauti ya kunifikia, kwamba nyumba hii imezoea wakwe wa namna hii, apewe kiti na mwavuli. Mwavuli alinishikia Onema. Na nusu ya mkate wake akanipa. Kumbe ni mtu mwema. Nitaendelea kumchunguza.

Jumatatu, tarehe 12
Kompyuta imerudi kavu. Chef Henri aliinusa, akaniruhusu kubaki kazini.
Na neno limefika kutoka Kalima! Mama Jacqueline, mdogo wake Mama Victorine, baba mmoja mama mmoja, naye anataka kumwona shemeji yake kwenye televisheni. Bénie alishauri aende Onema. Nimekataa katakata. Kitufe sasa nakijua. Nimetuma jibu haraka, kabla Bénie hajaniambia sababu: nakuja mwenyewe, nitaingia mpaka saluni, nitafunga waya kwa mikono yangu, na Mama Jacqueline akae pembeni yangu aone kazi. Safari hii hakuna desturi ya kunizuia. Huyu si mama yake Bénie. Ni mama yake mdogo tu.