Shemeji Aliyetokea Juu ya Kioo

Kichangani, Morogoro
Agosti 1995

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Kompyuta,

Poleni na kazi. Mimi ni Dominiko, yule mwanafunzi mwenye kipara anayekaa karibu na mlango, niliyejiunga baada ya kupunguzwa kazini. Kwa heshima zote, naishitaki kompyuta yako namba tatu kwa kutaka kuvunja harusi ya binti yangu.

1. Mwalimu Winfrida alitufundisha programu ya kwanza ya lugha ya C, ambayo kazi yake ni kuisalimia dunia, basi. Nikasita. Mtu mzima nitaisalimiaje dunia nzima nikawaruka mashemeji? Nikaandika salamu zangu, kila mtu na mstari wake, kwa kufuata ukubwa: kuanzia shemeji Ignas wa Kinole hadi watoto wa majirani.

2. Mahali fulani nilisahau nuktamkato ya kufunga mstari. Mashine ikaulaumu mstari unaofuata, uliokuwa umejitulia hauna kosa! Huku kwetu kuku akila mchicha wa mtu, hatumkamati jirani wa mwenye kuku.

3. Hili ndilo kubwa. Programu ilipokubali nikamwita shemeji Ignas ateremke kutoka Kinole aone jina lake linavyowaka. Huyu ni kaka wa mke wangu, mjomba wa bibi harusi Bernadeta. Na sisi Waluguru, mjomba asipotamka neno, harusi hakuna, hata kama pilau limeiva. Akaja na koti la Pasaka. Nikabonyeza. Salamu zikamiminika, kioo kikajaa, waliotangulia wakasukumwa juu mpaka wakatoka nje. Wakabaki watoto.

Shemeji akasoma hadi chini. "Yaani nimeteremka mlima mzima kuja kumwona Pili wa jirani anasalimiwa?"

"Upo, shemeji," nikamtuliza, "ila umetangulia."

Ndugu Mkuu, nani humwambia hivyo mtu aliye hai? Akaondoka. Harusi ni Jumamosi, na neno hajatoa.

4. Kwa hiyo naomba chuo kipande mlima hadi Kinole kuomba radhi, mashine ikibebwa kichwani. Pia serikali iliyofungulia soko huria ifunge kidogo. Mitumba tuliipokea vizuri. Koti la mitumba halijawahi kumtoa mtu kwenye ukoo.

Nisalimie walimu, mlinzi na mama wa chai, kwa mpangilio wowote utakaouona salama.

Wako mtiifu, asiyehitimu bado,
Dominiko

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mwalimu Winfrida kanishauri nianze na watoto, wakubwa waje mwisho. Mke wangu akamrudisha kaka yake kwa kumbembeleza. Safari hii shemeji kabaki chini kabisa ya kioo, peke yake, na kimstari cha kuandikia kinapepesa mbele ya jina lake.

"Hiki kinangoja nini?"

"Kinangoja uitikie, shemeji."

Akakohoa, akafunga vifungo vya koti, akakiitikia: "Marahaba, mwanangu." Kisha akatugeukia, akasema harusi iendelee.

Kwa hiyo mashitaka yote nayafuta. Ila naomba kuiazima kompyuta namba tatu Jumamosi. Shemeji anataka ikae meza kuu.