Kelele za Saa Kumi na Dakika Hamsini

Ndugu Meneja wa Ukumbi wa Sinema,

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini kwako. Mimi ni mzima, kwa kiasi anachoweza kuwa mzima mtu ambaye jirani yake ana spika kumi na mbili. Ama baada ya salamu, mimi ni yule fundi cherehani ambaye duka lake limeegemeana na ukumbi wako. Ukuta ni mmoja. Upande wako mmeweka zulia, upande wangu nimetundika suruali za watu. Tumeishi vizuri miaka kumi na minne, na sijawahi kukuandikia hata mlipoonyesha ile picha ya mamba. Lakini tangu mlete hii picha mpya ya kikosi cha mashujaa saba, uvumilivu umenishinda.

Naomba ieleweke kwamba silalamikii picha. Picha sijaiona. Nalalamikia watazamaji wako.

1. Wanapiga kelele kana kwamba dunia hii wanaishi peke yao. Onyesho la mchana linaanza saa tisa. Saa tisa na robo anaingia yule wanayemwita Chuma, ukumbi mzima unapiga miluzi. Saa kumi kamili yule shujaa wa barafu anatania, watu wanacheka, ingawa si sana. Hayo yote nayavumilia. Lakini saa kumi na dakika hamsini jengo linamwangukia kiongozi wa kikosi, wanayemwita Dada Kamanda, na hapo watu mia mbili wazima na akili zao wanaanza kukanyaga sakafu kwa pamoja na kumpigia kelele ainuke. Inuka! Inuka! Jumamosi ya kwanza nilikuwa napinda suruali ya bwana harusi. Nilishtuka, mguu ukakandamiza pedali, na mguu wa kushoto wa suruali ukawa mfupi kwa vidole vinne. Ameoa, namshukuru Mungu, ila nasikia katika picha zote za harusi amesimama nyuma ya kiti.

2. Wakitoka hawaendi makwao. Wanakuja kubishana kwenye kibaraza changu. Mmoja anasema picha ni mbovu, mashujaa wamejaa tele na hakuna aliyepewa kazi ya maana. Mwenzake anamwambia hajui sinema, arudi akatazame katuni. Mtu mzima mmoja, baba wa watoto wanne, alilia begani kwa mteja wangu asiyemjua, mteja akaja kunidai nimfulie shati. Tena kuna yule mpimaji wa ardhi, aliyekuja kupimwa koti akaniambia msaliti wa kikosi ni nani, wakati nilikuwa nimebakiza mashujaa wawili tu wa kuwashuku! Nilimchoma pini. Sisemi kama ilikuwa bahati mbaya.

3. Majoho. Tangu picha ianze nimeletewa oda sita za majoho ya kupeperuka mgongoni, zote za watu wazima. Mhasibu mwenye kipara anataka lake liwe jekundu, lenye mfuko wa ndani wa kuwekea miwani. Nilimuuliza atalivaa wapi, akasema nyumbani tu. Sasa mimi nalalamika kuhusu nini, utaniuliza, kama kazi inaingia? Nalalamika kwa sababu wakija kujaribu wanarukia meza yangu ya kukatia.

4. Mama yangu. Hapa ndipo lilipo shina la barua hii.

Mama ndiye aliyenifundisha kushika sindano, na tangu nimjue hakuna mtu aliyewahi kumwambia jambo akalifanya siku hiyohiyo. Miezi mitatu iliyopita aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Hospitali waliiunga vizuri, wakasema kilichobaki ni mazoezi, asimame na kutembea kidogo kila siku, la sivyo miguu itasahau kazi yake. Mama akasema miguu ni yake na imechoka. Daktari alimbembeleza. Dada yangu alilia. Mimi nikanunua fimbo yenye mpira chini, akaitumia kunichapia nikichelewesha chai. Basi kila asubuhi nambeba kutoka kitandani, chumba cha nyuma ya duka, hadi kiti chake kando ya ukuta wenu, anakaa hapo akitazama sakafu hadi jioni. Siku moja nilijikuta nampima kwa macho, kama fundi, na nilipojua nampimia nguo gani nilitoka nje nikalia.

Lakini angalau tulikuwa na utulivu, Ndugu Meneja, na watazamaji wako wameuvuruga. Siku ya kwanza mama aliuliza ni nani huyo anayeambiwa ainuke. Nikamweleza kama nilivyosikia kwa wateja. Siku ya pili akauliza mbona hainuki. Baada ya hapo akaanza kusema kwamba huyo mwanamke ni mvivu tu, jengo lenyewe la kwenye sinema! Na Jumapili iliyopita, ukumbi ulipolipuka kwa kelele, mama akashika ukingo wa meza ya pasi akasimama wima, akisema anamwonyesha mwenzake namna ya kufanya. Meza ikayumba, mashati kumi na moja niliyokwisha kuyapiga pasi yakaanguka chini. Jumatatu akapiga hatua mbili. Leo Jumanne amepiga nne, ya nne juu ya hariri ya mteja. Sasa ametoa amri kwamba kila ikifika saa kumi na nusu niwe nimeondoa vitambaa njiani. Duka langu limegeuzwa uwanja wa mazoezi na sikuombwa ruhusa. Nani atanilipia ile hariri?

5. Pia wanatupa bisi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Watazamaji waombwe kulia na kushangilia moyoni. Wakishindwa, wapewe leso mlangoni waziume, na leso niko tayari kuzishona kwa bei ya ujirani. Wakishindwa na hapo, kila anayenunua tiketi apimwe kwanza: aambiwe ghafla kwamba shangazi yake amepata kazi nzuri, na akipiga kelele ya furaha arudishwe nyumbani kwao. Kama watu hawarekebishiki, basi irekebishwe picha. Waandikie walioitengeneza jengo limwangukie yule wa barafu, ambaye kwa ninavyosikia ukutani hata akifa watu wataendelea kutafuna. Dada Kamanda apewe kazi ya ofisini, asikae karibu na majengo marefu. Na kama hilo nalo haliwezekani, iondoeni picha upesi, muweke ya kufundisha kilimo cha vitunguu, maana sijasikia kitunguu kikipigiwa makofi.

Nisalimie wote hapo kazini: mama wa tiketi, muuza bisi, fundi mitambo, na mlinzi wa mlangoni, umwambie suruali yake iko tayari. Mama naye anawasalimu, ingawa hajui kama nawaandikia.

Ni mimi jirani yako wa ukuta mmoja,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Barua hii niliimaliza Jumanne jioni, nikaiweka chini ya nguo nzito ili inyooke. Jana Jumatano nikaona mmebandika karatasi mlangoni kwamba picha inaondoka Jumapili. Tafadhali usinisikilize! Yote niliyoyalalamikia hapo juu yaache kama yalivyo. Jana hiyohiyo mvua ilinyesha, nikahesabu watu tisa tu wakiingia, na kwa sura zao niliona kabisa hawa si watu wa kupiga kelele. Mama alikuwa ameshaweka mkono kwenye meza anasubiri. Nikamwambia naenda kununua uzi. Yule mtu aliyekata tiketi saa kumi na dakika arobaini, akapanda juu ya kiti cha safu ya ukutani, akapiga kelele peke yake hadi mlinzi akamtoa nje kwa kumshika ukosi, alikuwa ni mimi. Naomba radhi. Ukosi haukutatuka, nilishona mwenyewe. Niliporudi nilimkuta mama amesimama penye cherehani, hatua saba kutoka kitini. Akasema sauti yangu aliijua tangu mwanzo, na kwamba aliinuka ili ninyamaze, maana namtia aibu kwa majirani. Kutoka kitini hadi mlangoni ni hatua kumi na mbili, nimezipima. Nakuomba, ndugu yangu, iache picha wiki moja zaidi, na uwaite watu wenye vifua vya kupigia kelele. Zimebaki tano.