Pete ya Mume Wangu Si Madini ya Kimkakati

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tathmini ya Usalama wa Madini ya Kimkakati.

Pokea salamu za mwanamke aliyeolewa juzi tu, ambaye bado anatabasamu akifua soksi. Ningeweza kukuandikia juu ya mume wangu mpaka karatasi iishe, hasa anavyoniita "mama watoto" na watoto wenyewe bado. Lakini nakuandikia juu ya kidole chake, ambacho sasa ni kitupu.

1. Mume wangu ni fundi umeme kwenye mgodi wa kobalti. Siku ya kwanza kazini baada ya harusi aliingia na pete ya fedha niliyomvisha kwa mkono wangu. Wakati wa kutoka, mashine ya langoni ikalia. Wataalamu wako, waliokuja kufanya tathmini, wakaichukua pete. Akawaeleza kwamba ameoa. Wakamjibu kwamba ndoa si ushahidi.

2. Wiki iliyofuata, nikiwa napiga pasi shati lake, redio ikasoma ripoti yenu: madini ya taifa yako salama, na jaribio moja la kuyatorosha limezimwa. Jaribio hilo, Mheshimiwa, ni ndoa yangu. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini hata huko tulifundishwa kwamba fedha si kobalti.

3. Wakati kipenzi changu anavuliwa viatu, anachunguliwa masikio na kupekuliwa nywele (nywele laini, Mheshimiwa, hamkustahili kuzigusa), malori yenye maturubai yalikuwa yanapita lango kubwa palepale, na mlinzi anayapigia saluti. Mume wangu akauliza yamebeba nini. Mtaalamu wako akamwambia, "Hayo hayajalia, ndugu yangu." Yatalia vipi, na mashine iko mlango wa waenda kwa miguu?

4. Sasa karani wa stoo, dada mmoja mwenye kucha ndefu, ameanza kumuuliza mume wangu kama ana mchumba. Taifa likiibiwa, mtaunda kamati nyingine. Mimi nikiibiwa, mtaniundia nini?

Kwa hiyo naomba pete irudi, na kila lori lipekuliwe mpaka chini ya kiti cha dereva, kwa ukali uleule aliofanyiwa laazizi wangu. Mkiona haya, niiteni nije kupekua mwenyewe, bure. Au kama kweli nchi inalindwa kwa kuvuana pete, anzeni na wizara nzima. Tutakuwa matajiri kabla ya Ijumaa.

Wasalimie wajumbe wote na dereva wao. Msalimie na mkeo, umwambie aifiche ya kwake.

Wako katika mapenzi na uzalendo,
Mke wa Fundi Umeme

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, mume wangu ameingia na pete kidoleni, vumbi mpaka kwenye kope, mzuri kama siku ya harusi. Mlinzi wa langoni alimwonea huruma, akamrudishia na kumnong'oneza, "Bwana harusi, kwa miguu hii haipiti. Panda lori." Yeye na dereva wamepigiwa saluti, wakapita. Kwa hiyo ombi la kupekua malori nimelifuta. Tafadhali yaacheni hivyohivyo, angalau mpaka mume wangu astaafu.