Jina Langu Kisiwani Nyamaza

Ijumaa, 10 Oktoba

Kuanzia Mlingotini mpaka Urusi hakuna ndege asiyenijua kwa jina. Naandika ukweli tu. Darasa la saba nilifeli, lakini ndege hawasahihishi mitihani.

Leo kaja Dada Adila kutoka Dar, anahesabu ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya. Anataka mtu wa kumtembeza msimu mzima: mimi au Husseni, mpara samaki wa hapa kijijini. Husseni ana darubini. Mimi nina mdomo. Dada kanisikilizisha kwenye simu sauti ya sululu, ndege adimu wa pwani mwenye mdomo uliopinda, anamtafuta mwaka wa sita huu. Nusu saa tu, nikawa naipiga kwa mluzi kumshinda sululu mwenyewe. Mchongo: kesho kisiwani Nyamaza najificha kwenye mikoko, napiga mluzi, dada anaandika daftarini, Husseni anarudi kupara samaki.

Bibi Mwanamvua kaniambia ukienda Nyamaza jina lako liache huku ufukoni. Kule watu hawaitani majina, na ukiitwa huitiki. Nikamuuliza, na kitambulisho cha taifa nacho nikiache? Hakucheka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumefika maji yakipwa. Ndege mamia mchangani. Husseni kanibania darubini, eti vidole vyangu vina mafuta ya sambusa. Saa sita mchana nikaaga naenda kuangalia mtumbwi. Nikajichimbia kwenye mikoko, nikapiga mluzi.

Nikajibiwa. Mluzi uleule, nyuma yangu, matopeni. Nikafurahi: sululu wa kweli huyo. Nikapiga tena. Ndege wote wa mchangani wakanyanyuka kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyelia. Mabawa tu. Kisha kimya. Hata kaa waliingia mashimoni.

Ndipo nikaitwa. Ma-ja-li-wa. Silabi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza kusoma.

Nilitoka na kiatu kimoja. Husseni akauliza kama kingine nimeuachia mtumbwi. Dada Adila alikuwa ameinua simu muda wote. Alikuwa anarekodi.

Jumapili, 12 Oktoba

Dada kaniita nisikilize rekodi. Kasema ule mluzi ni wa mtu, si wa ndege, na msimu kampa Husseni. Haya. Halafu akauliza, mbona kule mikokoni ulikuwa unajiita mwenyewe?

Nikasikiliza tena. Sauti inayoita Majaliwa ni yangu.

Nikamwambia nilikuwa nafanya mazoezi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mchongo mpya, huu hauna dosari. Kesho Husseni anampeleka dada Nyamaza. Mimi natangulia alfajiri, naingia mikoko ileile, namwita Husseni kwa jina lake mara tatu. Akitimua mbio, kazi yangu.

Bibi kaniuliza, kule uliitwa? Nikasema ndiyo. Ukaitika? Nikasema bibi, mimi mtoto wa mjini, naitikaje ovyo.

Tangu jana nikiitwa uani natoka mbio, na bibi anasema hajaniita.

Basi, niandike hapa tu. Niliitika. Nilisema naam, tena kwa adabu.