Kompyuta ya Mwinjilisti

Jumanne, 6 Agosti 2024

Siku njema! Mwinjilisti Gideon ameniletea kompyuta yake mpakato. Virusi tupu, inatambaa kama konokono. Nikamwambia nitaifuta yote na kupiga Windows mpya. Akauliza kama itawahi Sikukuu ya Mavuno Jumapili, maana mpiga kinanda kahamia Bukoba na muziki wa kwaya umo ndani ya kompyuta hiyo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nyimbo nimezihamishia kwenye flashi kwanza. Mimi si mjinga.

Jumatatu mjomba Rwegoshora anakwenda kwa mzee huyuhuyu kupeleka posa yangu kwa binti yake Agnetha, mwalimu wa kwaya. Kompyuta hii ikipona, nimeoa.

Jumatano, 7 Agosti

Windows imeingia. Picha safi. Sauti hakuna!

Nimeipandisha hadi mia. Kimya. Nimezima na kuwasha mara saba. Nimepuliza matundu ya spika hadi kizunguzungu. Kimya. Tatizo ni dereva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia spika zake. Nilipofuta kila kitu, naye nikamfuta.

Muzamil, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, anajua sana mambo ya madereva. Afadhali nife. Nikimuuliza leo, kesho kijiji kizima cha Chonyonyo kinacheka.

Agnetha alipita kuuliza hali. Nikamwambia kompyuta inapumzika.

Alhamisi, 8 Agosti. Nanenane

Wenzangu wako kwenye sherehe za wakulima, mimi napakua dereva. Bando lote limekwenda. Dereva akakataa kuingia. Nikamwingiza kwa nguvu. Sasa sauti hakuna na kipanya nacho kimeganda.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimegundua kosa. Si langu! Jina la kompyuta la kutafutia dereva nililisoma kwenye begi, kumbe begi la kompyuta nyingine, mzee alipewa kwenye semina. Jina halisi liko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kompyuta, nayo imesuguliwa haisomeki. Mkristo gani hubeba begi lisilo lake?

Jioni mzee akaja. Nikampa shikamoo ndefu kuliko kawaida. Akauliza kama kompyuta sasa inasema. Nikajibu inasema. Lilinitoka tu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepata ufumbuzi! Ninayo spika ndogo isiyo na waya, inayopokea muziki kutoka kwenye simu. Leo nimejitolea kupanga mazao mbele ya madhabahu. Nimeweka kompyuta mezani, pembeni yake kapu la maharage la Mama Placidia, na spika nimeifukia juujuu ndani ya maharage. Kompyuta itaonyesha picha, kapu litatoa muziki. Simu, ambamo nimeshaziingiza nyimbo, itakuwa mfukoni mwangu. Nalala nikicheka.

Jumapili, 11 Agosti

Nyimbo mbili zilikwenda vizuri ajabu. Mzee alinitikisia kichwa kwa furaha. Nilishaona harusi.

Kisha tukatoka nje kwa mnada wa mavuno. Ndizi, kuku, kahawa, kila kilichotolewa huuzwa, hivyo ndivyo tunavyofanya tangu sijazaliwa. Nilijua. Nisichojua ni kwamba Agnetha angetaka kwaya iimbe mnadani ili wanunuzi wachangamke. Meza ikatolewa nje na vyote vilivyokuwa juu yake. Nikabonyeza simu. Ningefanyaje?

Ubeti wa pili, mnadishaji akalinyanyua kapu juu ya kichwa chake. Linaimba! Mama Placidia akapiga magoti akisema maharage yake yamepokelewa mbinguni. Bei ikapanda. Na aliyeshinda? Muzamil! Huja kila mwaka kununua maharage ya Walutheri. Akalifunga kapu kwenye pikipiki, akaondoka na muziki wetu. Kwaya nzima ikageuza shingo kuufuata. Penye mgomba wa kwanza, mbali na simu yangu, muziki ukakatika.

Agnetha akainua mikono, kwaya ikamalizia kwa midomo mitupu. Watu wakapiga vigelegele. Hakunitazama hata mara moja.

Mzee akaja kusimama karibu yangu. "Dastan mwanangu, ungesema tu haisemi. Tumeimba miaka thelathini bila kompyuta." Niliona aibu ya kweli.

Jumatatu, 12 Agosti

Muzamil amerudisha spika, na kompyuta ameitengeneza. Eti aliiunganisha na intaneti ikajitafutia dereva wake yenyewe, yeye anakunywa chai. Bahati tu.

Mjomba ametoka kwa mzee. Alipewa kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni, kwa hiyo hawakumfukuza. Posa haikukataliwa wala kukubaliwa. Agnetha mwenyewe ndiye aliyejibu: "Mwambieni aje Jumamosi, aniambie jambo moja tu la kweli. Akiliweza hilo moja, nitakubali."

Jambo moja! Kumbe rahisi hivyo. Nimekaa mezani tangu saa nane na kalamu yangu. Hadi sasa nimeshatunga manne mazuri sana.